Kuonja bia za mapukutiko na bia za boga: mwongozo kamili, kuanzia dukani hadi kwenye karatasi ya alama

Anayeonja bia ya boga kwa mara ya kwanza hutafuta boga. Hulitafuta kwenye harufu, hulitafuta ulimini, kisha huandika kwamba boga limejaa tele, kumbe alichokutana nacho ni mdalasini, kungumanga, karafuu na tangawizi. Boga lenyewe karibu sehemu tisa katika kumi ni maji, na ladha yake ni ya upole. Likishachemshwa na kuchachushwa na hamira, halafu likawekewa viungo, kinachosalia ni kivuli. Swali la kujiuliza kila unapoinua glasi ni hili: chini ya viungo, bia ipo? Kimea kinasikika? Uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, umeshika mizani au umezikwa? Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na bia zisizo na kiungo hata kimoja.

Tunasema mapukutiko, si vuli, kwa makusudi. Vuli ya Afrika Mashariki ni mvua za Oktoba hadi Desemba; bia hizi ni za nchi ambazo miezi hiyo miti hupukutisha majani, hasa Ujerumani na Marekani.

Familia tatu utakazoonja

Ya kwanza ni Märzen na ndugu yake Festbier. Märzen imepewa jina la mwezi Machi kwa Kijerumani. Mwaka 1553 Bavaria ilipiga marufuku kupika bia kati ya 23 Aprili na 29 Septemba, kwa kuwa bia ya kiangazi ilikuwa ikiharibika kwa joto. Wapishi wakawa wanatengeneza bia yenye nguvu zaidi mwezi Machi na kuihifadhi kwenye maghala baridi ya chini ya ardhi hadi mapukutiko. Märzen ya rangi ya shaba tunayoijua leo ilitoka katika kiwanda cha Spaten cha München mwaka 1841. Festbier ni ya dhahabu na nyepesi zaidi mdomoni ingawa kileo chake ni kama asilimia 6, na ndiyo inayomiminwa siku hizi katika mahema ya Oktoberfest, tamasha la bia la München. Kwenye maduka ya Marekani mambo ni tofauti: neno Oktoberfest kwenye kopo la kiwanda cha huko kwa kawaida humaanisha bia ya rangi ya shaba, mara nyingi tamu kuliko ya Bavaria.

Ya pili ni bia ya hopsi mbichi. Hopsi huvunwa mwishoni mwa Agosti na Septemba, na bonde la Yakima katika jimbo la Washington ndilo shamba kuu la Marekani. Kwa kawaida maua hayo hukaushwa. Kwa bia hii hupelekwa kiwandani yakiwa mabichi na kuingizwa kwenye sufuria ndani ya saa 24, kabla hayajaanza kuoza. Sierra Nevada walianza kutoa yao mwaka 1996.

Ya tatu ni bia ya boga. Walowezi wa Marekani ya kale walitumia boga kwa sababu ya uhaba wa kimea, si kwa kupenda ladha yake. Bia ya boga ya kisasa inahusishwa na Bill Owens wa Buffalo Bill's Brewery, Hayward, California, miaka ya 1980. Alipika na boga, akaonja, boga halisikiki; akaongeza viungo vya pai ya boga. Tangu siku hiyo, watu wanaposema "ladha ya boga" wanamaanisha viungo.

Hatua ya kwanza: kununua

Bia sita zinatosha kabisa kwa watu wanne. Kopo moja la mililita 355 likigawanywa kwa wanne linampa kila mtu karibu mililita 90, na hicho ni kipimo kizuri: kinatosha kunusa mara tatu na kumeza mara nne au tano. Seti tunayoipendekeza ni Festbier moja ya München (kwa mfano ya Paulaner au Hofbräu), Märzen moja ya Bavaria (Ayinger Oktober Fest-Märzen, asilimia 5.8, ni kipimo kizuri cha kulinganishia), bia moja ya hopsi mbichi ya kiwanda cha karibu nawe, na bia tatu za boga zinazopanda ngazi: nyepesi isiyozidi asilimia 5, ya kati kama Punkin Ale ya Dogfish Head yenye asilimia 7, na nzito kama Pumking ya Southern Tier yenye asilimia 8.6.

Piga hesabu ya kileo kabla hujaalika mtu. Seti hiyo yote, kwa mililita 90 kila bia, ina takriban gramu 27 za kileo kwa kila mwonjaji. Kipimo kimoja rasmi cha Marekani ni gramu 14, kwa hiyo mtu atakuwa amekunywa karibu vipimo viwili bila kuhisi kwamba amekunywa. Panga usafiri mapema, anayeendesha gari asiwe mwonjaji. Umri halali ni miaka 21 Marekani. Kwingineko fuata sheria ya ulipo.

Kisha geuza kopo uangalie chini. Hapa Waafrika Mashariki wengi hukosea: Wamarekani huandika mwezi kwanza, hivyo 09/03 ni 3 Septemba, si 9 Machi. Angalia pia kama tarehe ni ya kupakiwa au ya mwisho wa ubora. Bia za Ujerumani huandika ya mwisho. Vipimo vyetu ni hivi. Hopsi mbichi: wiki nne tangu kupakiwa, zaidi ya hapo umenunua jina tu. Märzen na bia ya boga isiyozidi asilimia 6: miezi mitatu hadi minne, ikiwa kwenye baridi. Bia nzito ya boga inaweza kukaa mwaka mzima isiharibike, lakini viungo hupoa kabla ya bia yenyewe, hasa tangawizi, na unabaki na utamu mtupu. Bia za boga huanza kuonekana madukani Agosti au hata Julai, kabla maboga hayajavunwa. Usishangae: viwanda vingi hutumia boga lililosagwa la kopo, na ubora wake ni ule ule mwaka mzima.

Epuka chupa ya kijani au nyeupe iliyokaa dirishani. Mwanga huvunja vitu vinavyoleta uchungu wa hopsi na kuzalisha harufu ya kicheche, na hakuna friji itakayoirudisha nyuma. Kopo na chupa ya kahawia ni salama zaidi.

Soma na lebo. Ikiandikwa kwamba bia imepikwa kwa boga na viungo, kuna boga ndani. Ikitaja tu ladha asilia, huenda hakuna. Si kasoro, maana hata mwongozo wa BJCP, chama cha majaji wa bia, katika kundi lake la bia za mapukutiko haudai boga lenyewe. Ila utajua unachoonja.

Hatua ya pili: glasi na meza

Tumia glasi ya mvinyo yenye tumbo pana na mdomo uliofinywa, ya mililita 250 hadi 350. Kikombe kikubwa cha Oktoberfest kinafaa hemani, kwa kuonja hakifai. Harufu yote hutoroka.

Usafi wa glasi una uzito kuliko umbo lake. Mafuta kidogo ya sufuria yakibaki, povu hufa. Osha kwa maji ya moto na kijiko cha magadi ya kuokea, suuza mara mbili, iache ikauke yenyewe ikiwa imepinduliwa juu ya waya, si juu ya kitambaa kinachoacha harufu. Kipimo ni rahisi: lowesha glasi kwa maji, mwaga. Maji yakiteleza kama karatasi moja, glasi ni safi. Yakigawanyika matone matone, rudia. Na ukiona viputo vya gesi vimeng'ang'ania kwenye kuta baada ya kumimina bia, pale pana uchafu.

Mezani weka maji yasiyo baridi sana, mkate mweupe usio na siagi, na chombo cha kumwagia. Ondoa manukato, udi, mishumaa yenye harufu. Jikoni kusiwe na kitunguu kinachokaangwa. Asiyevuta sigara ana faida. Anayevuta apumzike angalau saa moja. Kahawa na chai ya viungo ziishe saa moja kabla.

Hatua ya tatu: sinia ya viungo

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayomtenga mwonjaji na mnywaji. Usiingie kwenye bia za boga kabla pua yako haijakutana na kila kiungo peke yake.

Tafuta vikombe vitano vidogo. Katika kila kimoja mimina mililita 50 za maji yaliyotoka kuchemka, kisha weka: katika cha kwanza kijiti cha mdalasini cha sentimita tatu, cha pili robo kijiko cha chai cha kungumanga iliyokunwa papo hapo, cha tatu karafuu moja nzima, cha nne robo kijiko cha chai cha tangawizi kavu (kavu, kwa kuwa ndiyo inayotumika kwenye viungo vya pai, nayo ina ukali wa vumbi tofauti na mbichi), cha tano punje tatu za pimento zilizopondwa. Pimento ni ile punje ya kahawia ya Jamaika inayonukia kama karafuu, mdalasini na kungumanga kwa mkupuo mmoja. Funika kwa sahani dakika kumi, chuja kwa kichujio cha karatasi.

Mimina laga ya kawaida, nyepesi, mililita 100 katika glasi sita. Moja iache kama ilivyo. Katika kila moja ya tano zilizobaki tia kijiko kimoja cha chai cha maji ya kiungo chake. Nusa, onja kidogo, tema au mwaga. Usipokisikia kiungo ongeza kijiko kingine, uandike ulikisikia kwenye kijiko cha ngapi. Hicho ndicho kizingiti chako, na kila mtu mezani atakuwa na chake. Kuna anayeikamata karafuu kwenye tone na asiisikie kungumanga hata kwa vijiko vitatu.

Vitu vya kushika akilini hapa: mdalasini hunukia utamu lakini hauna utamu, unakausha ulimi. Kungumanga ina harufu ya mbao na huacha uchungu mwembamba. Tangawizi haisikiki puani sana, huja kooni sekunde kadhaa baadaye. Karafuu, ukitaka kuijua, tafuna kichwa kimoja tu cha karafuu kavu: ncha ya ulimi inapoteza hisia. Ganzi hiyo, hata ikiwa hafifu, ndiyo alama ya bia iliyozidishwa karafuu. Ifanye mwisho kabisa, kisha subiri dakika kumi na tano kabla ya bia yoyote.

Cha sita kisisahaulike, nacho ni muhimu kuliko vyote: boga lenyewe. Chemsha kipande cha boga bila chumvi wala sukari, kipoe, kila mtu ale kipande kimoja. Ladha hiyo ya udongo kidogo, utamu mdogo, na harufu iliyo karibu na kiazi kitamu ndiyo boga. Aliyezoea boga la nazi la futari ajihadhari: sehemu kubwa ya anayoyakumbuka ni tui na iliki.

Kuna jambo la kumbukumbu pia. Mmarekani akinusa mchanganyiko huu anaona pai ya Novemba mezani. Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja anaona pilau, au chai ya maziwa. Wote wako sahihi, na wote wamechepuka. Kwenye karatasi andika kiungo kwanza, kumbukumbu baadaye: "mdalasini mwingi, karafuu kidogo, tangawizi mwishoni", ndipo "kama chai ya maziwa". Ukiandika chai peke yake, kesho hutajua ulimaanisha nini. Na ukihisi iliki, iandike kwa uangalifu; haimo katika viungo vya kawaida vya pai, kwa hiyo ama mpishi ameiongeza ama kumbukumbu imekutangulia.

Hatua ya nne: joto na mpangilio

Friji ya nyumbani huwa na nyuzijoto 3 au 4. Kwa joto hilo viungo vimelala na kasoro zimejificha. Festbier na Märzen zionje kwenye nyuzi 7 hadi 10, bia ya boga ya kawaida 10 hadi 13, nzito 12 hadi 14. Kopo lililotolewa kwenye friji na kuwekwa mezani katika chumba cha nyuzi 21 linahitaji kama dakika 30 hadi 40 kufika 10. Usikisie, tumia kipimajoto cha jikoni. Glasi iliyogandishwa usiikaribishe mezani: inaua ulimi, na barafu yake ikiyeyuka inaongeza maji kwenye bia.

Mpangilio ni Festbier, Märzen, hopsi mbichi, kisha pumziko la dakika ishirini na mkate, halafu boga nyepesi, ya kati, nzito. Karafuu ikishakaa mdomoni, Märzen itaonekana kama maji. Hakuna kurudi nyuma. Ukilazimika kurudi, fanya hivyo kesho yake.

Hatua ya tano: kumimina, kunusa, kumeza

Laza glasi nyuzi 45, mimina taratibu hadi nusu, isimamishe umalizie katikati ili povu la sentimita mbili lijengeke. Kwenye kipimo cha mililita 90 povu la sentimita moja linatosha. Mashapo yakiwemo chini ya chupa, acha sentimita ya mwisho. Kopo likifoka lenyewe na kuendelea kufoka, kuna uwezekano mkubwa kwamba vijidudu vimeendelea kula sukari ndani. Lionjwe kwa tahadhari, na likiwa chachu limwagwe.

Nusa mara moja, kwa mapigo mafupi mawili matatu, kabla povu halijashuka. Kisha funika mdomo wa glasi kwa kiganja, izungushe, fungua, nusa tena. Andika kabla ya kuonja. Ulimi ukishaingia, pua husahau.

Chukua bia ya kutosha kulowesha ulimi wote, ipitishe mdomoni sekunde tatu, meza ukiwa umefunga mdomo, halafu toa pumzi puani. Harufu ya nyuma ya koo ndiyo inayokuambia viungo vilivyojificha. Bia, tofauti na mvinyo, inapaswa kumezwa walau mara moja, maana uchungu wa hopsi hujitokeza vizuri baada ya kumeza.

Märzen na Festbier: shule ya kimea

Märzen nzuri inanukia ukoko wa mkate uliotoka tanurini, si sukari iliyoungua. Rangi ya shaba inatokana na kimea cha München kilichokaushwa kwa joto la juu zaidi. Mdomoni huanza na utajiri wa kimea, kiasi cha kudhani itakuwa tamu, kisha inamalizika ikiwa kavu. Mgeuko huo, utajiri mwanzoni na ukavu mwishoni, ndio unaoutafuta. Utamu ukibaki na kuganda mdomoni kama sharubati, mpishi ametumia kimea cha karameli kupita kiasi, na hilo ni la kawaida katika matoleo ya Marekani. Festbier iwe na kimea chepesi kama unga wa mkate mbichi, na uchungu wa wastani.

Shika ladha hii ya kimea. Utaihitaji baadaye, chini ya mdalasini.

Kwa hopsi mbichi maelezo ni mafupi: tafuta majani yaliyokatwa punde, ganda la chungwa, utomvu wa mti. Hopsi mbichi zina maji mengi, hivyo huhitajika kama mara tano ya uzito wa zilizokauka. Ukikuta nyasi zilizoloana na kuanza kuvunda, maua yamekaa muda mrefu mno sufuriani au bia ni ya zamani.

Bia za boga: onja mara tatu

Igawe mililita 90 katika vionjo vitatu, na uvipishanishe kwa dakika kumi kumi huku bia ikipanda joto: karibu nyuzi 8 (kwa zoezi hili anza kwa makusudi chini ya joto la hatua ya nne), kisha 11, kisha 14 au 15. Kwenye kionjo cha kwanza utaona umbo: gesi, uzito, uchungu. Cha pili viungo vinafunguka. Cha tatu kinasema ukweli, maana bia iliyoficha upungufu wake nyuma ya baridi haiwezi tena. Bia nzuri ya boga huongezeka ladha inapopata joto. Mbaya hugeuka dawa ya kikohozi.

Baada ya kumeza kionjo cha tatu, tazama saa, kaa kimya dakika moja nzima. Kilichobaki mdomoni ni nini? Kama ni kimea chenye joto la viungo juu yake, mpishi amefaulu. Kama ni karafuu peke yake, bia haikuwapo. Kama ni ukakasi, ule wa ndizi mbichi, mdalasini umechemshwa mno na kutoa tanini za gome. Kama ni utelezi unaokaa kwenye kaakaa, mdalasini wa unga ulitiwa kwa wingi. Unga huo ukilowa hutoa ute.

Boga lenyewe, pale linaposikika, halisikiki kama ladha bali kama uzito: bia inajaa mdomo kidogo zaidi, na harufu ya mbali ya udongo na kiazi kitamu. Lililochomwa tanurini kabla ya kupikwa huacha alama kubwa kuliko la kuchemsha. Ladha ya vanila na ukoko wa pai, inayotambulisha Pumking, haitoki kwenye boga hata kidogo.

Baa nyingi za Marekani huzungushia ukingo wa glasi sukari na mdalasini. Ni burudani, ila kwa kuonja ikatae. Utakuwa ukipima sukari ya mhudumu wa baa.

Kasoro na zinavyofanana na vitu vizuri

Bia ya boga ni ngumu kuihukumu kwa kuwa kasoro zake huvaa nguo za viungo. Hizi ndizo zinazotatiza zaidi.

Harufu ya mahindi ya kuchemsha ni kasoro ya upishi, hasa mchemsho dhaifu, lakini boga la kuchemsha linaikaribia. Rudi kwenye kipande chako cha boga na unuse: boga lina udongo, kasoro ina utamu wa mahindi ya kopo.

Siagi, kama ya bisi za sinema, hutokea hamira ikiondolewa kabla haijamaliza kazi. Wengi huisifu wakidhani ni ukoko wa pai. Ukoko wa pai una biskuti na vanila pamoja nayo. Siagi peke yake, yenye utelezi ulimini, ni kasoro.

Karafuu isiyotoka kwenye kiungo huzalishwa na hamira. Katika bia ya ngano ya Bavaria ni sifa. Katika bia ya boga iliyotumia hamira safi ya eli (bia inayochachushwa kwenye joto la juu kuliko laga) ni dalili ya hamira ngeni. Itambue hivi: ya hamira huja na ndizi mbivu au moshi, na wakati mwingine plasta ya hospitali, ya kiungo huja na utamu wa harufu na ile ganzi hafifu.

Karatasi iliyoloana ni uzee. Kwenye bia ya viungo uzee hujionyesha pia kama harufu ya kabati la viungo lisilofunguliwa muda mrefu. Tofaa bichi ni bia iliyokatishwa uchachu kabla ya wakati. Uchachu wa siki ni uchafu, mwaga.

Alama

Karatasi ya BJCP ni ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, uzito mdomoni 5, tathmini ya jumla 10. Itumie ilivyo, ina mantiki. Kwa bia za boga tunaongeza mstari mmoja wetu nje ya alama: "bia chini ya viungo: ndiyo, nusu, hapana". Kila mtu aandike kimya kimya, kisha msome kwa zamu, akianza mwenye uzoefu mdogo, ili asivutwe na wakubwa.

Ukiwa mahali zisikofika

Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura kupata bia ya boga si rahisi, lakini zoezi linawezekana. Chukua mililita 60 za vodka, tia kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu mbili, robo ya kungumanga iliyopondwa na nusu kijiko cha chai cha tangawizi kavu. Funga kwenye chupa siku tatu mahali penye giza, ukiitikisa kila siku, kisha chuja. Siku ya pili onja tone moja ndani ya maji: karafuu ikiwa mbele, zitoe, viungo vingine viendelee.

Mimina bia nyeusi au laga yenye kimea kizito, mililita 330, glasi mbili za nusu kwa nusu. Moja usiiguse. Nyingine tia matone matano, koroga polepole kwa kijiti ili gesi isitoroke, onja, ongeza matano. Simama pale unapoanza kukisikia kiungo, kisha ongeza matano zaidi kwa makusudi uone bia inavyozama. Tofauti kati ya glasi hizo mbili itakufundisha mizani kuliko kopo la bei ghali. Asiyekunywa kileo afanye hivyo hivyo kwa kinywaji cha kimea kisicho na kileo, akitumia maji ya viungo ya hatua ya tatu badala ya vodka, ingawa ataongeza vijiko badala ya matone.

Chakula, na bia iliyobaki

Chakula kije baada ya karatasi kukusanywa. Märzen inakubaliana na nyama choma, kuku wa kubanika na hata pilau, kwa kuwa ukoko wake wa mkate unapokea viungo vya wali bila kushindana navyo. Bia ya boga na pilau hugombana: karafuu juu ya karafuu. Ipeleke kwenye jibini kali, njugu za kukaanga, au kashata, na ile nzito iwe mwisho kabisa pamoja na kitu kisicho kitamu kuliko yenyewe.

Kopo lililofunguliwa halina kesho. Gesi imeondoka na hewa imeingia. Märzen iliyobaki itie kwenye nyama ya ng'ombe inayochemka taratibu, mililita 200 kwa kilo moja, badala ya sehemu ya maji. Ya boga nzito tia pungufu, mililita 100, na usiongeze karafuu nyingine sufuriani.